Kila Kijana na Somo Yake

Mwalimu mmoja kati yetu aliwagawia wanafunzi wake wa kidato cha pili vipande vya karatasi, akawaambia wasiandike majina. Swali lilikuwa moja tu: leo unajisikiaje? Zilirudi karatasi 46. Kumi na tatu zilikuwa tupu. Nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa na neno moja, "poa" au "freshi", chache "stresi", mbili "nimevurugwa". Na moja ilikuwa na maandishi madogo pembeni kabisa, kama ya mtu anayesema huku anatazama mlango: "Nikiandika nani atasoma?"

Karatasi hiyo imepita mikononi mwetu sote. Imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imechanika katikati, na ndiyo iliyotukutanisha.

Sisi ni walimu wawili, muuguzi wa zahanati, fundi cherehani, ustadhi wa madrasa, mama wa kwaya, dereva wa daladala mwenye mabinti watatu, na wanafunzi tisa wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Tunakutana Ngamiani, Tanga, baada ya saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishagongwa. Harakati tunayoianzisha leo bado haina jina. Tumewaachia wale tisa walitafute, maana ni yao kabla ya kuwa yetu.

Tunachokitaka hakihitaji maneno mengi. Kila kijana, tangu miaka 10 hadi 19, awe na somo.

Hatusemi somo la darasani. Hayo anayo, na mengine anayafuata tuisheni mpaka usiku. Kiswahili kina somo mwingine, yule anayeitwa "somo yangu", si "somo langu". Huyo ni msiri wako, au ni mtu mliyeitwa jina moja, na kwa wazee wetu wa pwani ni yule mwanamke anayemfunda mwari: mtu mzima asiye mama yako, anayekujua ulivyo, unayeweza kumwambia lile usilothubutu kulitamka nyumbani. Lugha imempa mtu huyo na fundisho lenyewe neno moja. Tunaamini haikukosea.

Hatuji kuipamba jando wala unyago. Mabinti wengi walifundwa namna ya kumridhisha mume kabla hawajafundishwa kujua wanachokitaka wao. Wengine walitolewa ndani wakapelekwa moja kwa moja kwenye ndoa. Na ziko sehemu ambako kisu kilipita kwenye miili ya wasichana, jambo ambalo sheria ya Tanzania imelifanya jinai kwa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Hayo hatuyarudishi. Lakini tunakumbuka kwamba Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, na kwao alijulikana vilevile kwa ngoma ya unyago na kuwafunda wari. Wanawake wa namna yake walipoondoka, nani alikaa kwenye kiti chao? Simu ndiyo iliyokaa. Binti anayetaka kujua kwa nini titi moja limetangulia jingine anaiuliza TikTok, naye hajui kama aliyemjibu ni daktari au ni mtu wa rika lake aliyebuni.

Kwa wavulana pengo ni kubwa zaidi. Mvulana wa leo anatahiriwa hospitalini likizo ya Desemba: sindano ya ganzi, bandeji, nyumbani kabla ya adhuhuri. Kidonda kinapona salama kuliko enzi za ngariba, na kwa hilo tunashukuru kwa dhati. Ila zile wiki za kukaa kumbini na wazee, kuambiwa mwili wako unaelekea wapi, hasira ya mwanamume inashikwaje, msiba ukimfika anaupokeaje, zimeondoka pamoja na ngariba. Tumebaki na tohara, mazungumzo yamepotea. Kijana anarudi mtaani akiwa na kovu na neno moja la kumtosha maisha yake yote: "Jikaze."

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mawaidha. Unaanza kwa kumwita binti asogee na wino na karatasi. Mama anasema, binti anaandika. Tunauenzi utenzi huo, na tunaomba ruhusa ya kugeuza viti: safari hii binti aseme, mama ashike kalamu.

Lugha yetu haijawahi kuutenga mwili na moyo. Mwenye hofu ana matumbo joto. Aliyeonewa ana donge kooni, mwenye mashaka roho i juu, aliyepata habari mbaya miguu inamwishia nguvu. Bibi aliyemwona mjukuu anachezea chakula hakuuliza "una homa?" peke yake, aliuliza pia "una nini moyoni?" Hiyo ndiyo afya nzima, na Shirika la Afya Duniani lilipoandika katiba yake mwaka 1946 likasema afya ni ustawi wa mwili, akili na maisha ya jamii, si kukosa maradhi tu, lilikuwa linaandika jambo ambalo bibi huyo alilijua. Leo kijana akisikia "afya ya akili" anafikiri Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo jina lake mitaani limegeuzwa tusi. Anaogopa kuitwa chizi. Ndipo anapoandika "poa".

Muuguzi wetu anasimulia habari ya msichana wa miaka 15 aliyeletwa zahanati Jumatatu tatu mfululizo akilalamika tumbo. Kipimo cha malaria, hana. Mkojo, safi. Akapewa panado akarudishwa shuleni. Jumatatu ya nne muuguzi hakuchukua kipimo. Alivuta kiti akakaa, akamuuliza: "Mwanangu, Jumapili usiku huwa unalala saa ngapi?" Msichana alitazama sakafu muda mrefu, akawa anafungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati. Halafu akasema Jumatatu ndiyo siku wanayorudishiwa mazoezi ya hesabu, na kila kosa lina fimbo yake. Tumbo lake lilikuwa linasema kweli tangu wiki ya kwanza; sisi ndio tuliolipima damu.

Kanuni za elimu za nchi yetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe kwenye daftari. Hazimruhusu mtu kuchapa kwa kila hesabu iliyokosewa. Sisi tunataka viondoke kabisa, kama Kenya ilivyoviondoa kisheria mwaka 2001. Mwalimu mmoja kati yetu alichapa kwa miaka kumi na moja. Ameomba tuandike hilo hapa, na kwamba ameacha.

Kuna jambo lilitokea nchini mwetu ambalo dunia inalisimulia kwa kicheko, na sisi hatuwezi kulicheka. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili tangu Tanganyika ipate uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, huko Kagera, walianza kucheka wakashindwa kuacha. Walicheka, wakalia, wakacheka tena. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshapatwa. Walimu hakuna aliyeugua. Wasichana walirudishwa makwao, na vicheko vikafuatana nao. Kijijini Nshamba peke yake walipatwa watu 217. Madaktari Rankin na Philip, walioandika ripoti yake mwaka 1963, hawakupata sumu wala kijidudu cha kukilaumu.

Tunaposoma habari hiyo hatuoni kioja. Tunawaona wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na mama zao, katika nchi inayobadilika kwa kasi na shule yenye amri nyingi, wasio na mahali pa kuyaweka yaliyowajaa. Mwili ulisema kwa njia uliyoipata. Na hadi leo tunasikia shule ambako wasichana "wanaanguka" mmoja baada ya mwingine. Anaitwa mchungaji, anaitwa shehe, anaitwa mganga. Hatumkatazi mtu dua. Ustadhi wetu huwa wa kwanza kunyanyua mikono. Ila yeye mwenyewe huwauliza wakuu wa shule: wiki moja kabla hawajaanguka, nani aliongea na watoto hawa?

Ili kuongea, lazima kwanza kuwe na maneno. Wale wanafunzi tisa walikaa na kamusi alasiri nzima chini ya mkungu, wakitafuta kilichomo ndani ya "stresi". Walitoa huzuni, simanzi, jitimai, kihoro, soni, fadhaa, kimuyemuye, wivu, upweke, gubu. Maneno mengine walikuwa hawajayasikia maishani, nayo ni yao, yalikuwa yamelala kabatini. Walipofika kwenye "kinyongo", binti mmoja aliomba lisomwe tena maana yake. Akasema polepole: "Kumbe mimi sina hasira na baba. Nina kinyongo." Hasira ingemtuma kugombana. Kinyongo kimempeleka kwa shangazi yake, akaomba amshike mkono waende kwa baba wakalizungumze lile jambo la mwaka juzi. Hatujui dawa ya duka inayofanya kazi hiyo.

Kuhusu hulka na tabia tuna neno kidogo na wahenga. Walisema tabia ni ngozi. Tunawaheshimu, na hapa tunawapinga. Ngozi ni hulka. Ndiyo unayozaliwa nayo: huyu mwenye haya, yule mchangamfu, mwingine ana moto wa karibu. Hulka haina kosa. Mtoto mkimya si mshamba, na mwenye maneno mengi si lazima awe mtovu wa adabu. Tabia ni kile unachokirudia mpaka ukizoee, na kwa hiyo inajengwa. Mwenye hulka ya moto anaweza kujijengea tabia ya kukaa chini kabla ya kujibu, kama Mtume alivyomfundisha aliyekasirika akiwa amesimama. Mwenye haya anaweza kuzoea kuuliza swali moja kwa siku. Kijana akiambiwa "wewe ndivyo ulivyo" tumemfungia mlango. Akionyeshwa ipi ni hulka na ipi ni tabia, anajua pa kuanzia kazi. Na ajue pia kwamba ubongo wake bado unajengwa. Sehemu ya mbele, inayopima matokeo kabla ya mkono kutenda, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20, ilhali hisia zimeshapamba moto tangu balehe. Hilo halimpi ruhusa ya kufanya atakalo. Linatuambia sisi wakubwa kwamba kumkemea hakutoshi, anahitaji mtu wa kupima naye.

Usingizi. Mwanafunzi wa bweni anayeamshwa saa kumi alfajiri baada ya prepo iliyoisha saa nne na nusu usiku, akapiga msuli kwa tochi mpaka saa sita, analala kwa muda wa saa nne tu. Mwili wa umri huo unadai saa nane mpaka kumi, na balehe yenyewe husogeza saa ya usingizi mbele, kwa hiyo asiyepata usingizi mapema si mkaidi. Asiyelala hukasirika upesi, husahau alichokesha akikisoma, na huona dunia nyeusi kuliko ilivyo. Tunawaomba wakuu wa shule wahesabu saa hizo kwa kalamu, shule zao wenyewe, wiki hii.

Chakula hatukirefushi. Binti aliyeanza hedhi hupoteza damu kila mwezi, naye asubuhi anakunywa chai ya rangi na andazi, mchana mihogo na pilipili. Maharage, dagaa na mchicha viko sokoni kila siku. Kipande cha chungwa au limau kikifuata mlo, madini ya chuma yanaingia vizuri. Chai ikinywewa papo hapo na mlo huyazuia, basi isubiri saa moja. Uchovu wake tulikuwa tukiuita uvivu. Na dozi moja ya chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya shingo ya kizazi, hutolewa bure kwa wasichana kuanzia miaka 9. Mama anayesita aje aongee na muuguzi wetu, hatamgombeza.

Watu watatuuliza: nyinyi ni nani mpaka mshughulike na mioyo ya watoto, madaktari wako wapi? Madaktari wa akili ni wachache, na wagonjwa mahututi wanawahitaji kwanza. Ila wapo waliotutangulia bila kusubiri. Harare, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza na vikongwe 14 wa mtaa wa Mbare. Waliwekewa mabenchi nje ya zahanati, wakafundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kulitenga tatizo moja alitatue kwanza. Ugonjwa wanauita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani "ana mawazo". Na Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi. Waliongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzi tu, kwa saa moja kila wiki, wiki nne. Walizungumza juu ya kubadilika, shukrani na mambo wanayoyathamini, na nafuu waliyoipata ilizidi ya wenzao waliofundishwa stadi za kusoma. Mpango huo unaitwa Shamiri, neno la Kiswahili. Tunaona fahari, na tunaona haya kidogo kwamba hatukuanza sisi.

Sasa masharti, na hapa hatulegezi hata moja, maana tunajua anayejifanya mlezi huweza kuwa mwindaji. Somo hakai na kijana chumbani mlango umefungwa. Huongea mahali panapoonekana, hata kama hapasikiki: barazani, chini ya mti, kwenye benchi la uwanja. Hampi fedha, hamwandikii ujumbe usiku. Kila somo anajulikana kwa wazazi, kwa shule na kwa serikali ya mtaa, na kijana ndiye anayemchagua. Akitaka kubadilisha, haulizwi sababu. Siri ni siri, isipokuwa tatu: kijana anapoumizwa na mtu, anapotaka kumuumiza mtu, na anapofikiria kujiua. Hizo somo humwambia tangu siku ya kwanza kwamba hatazibeba peke yake. Atakwenda naye kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au watapiga pamoja 116, namba ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure.

Kuhusu kujiua tunasema waziwazi, kwa sababu kunyamaza kumeshatuzikia watoto. Kumuuliza kijana kama anafikiria kufa hakumwingizii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kupumua. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa jinai. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba yao. Tunataka Bunge letu lifute chetu. Mtoto aliyeokolewa anahitaji kitanda cha hospitali na mtu pembeni yake, na sheria hii inamfanya baba yake aogope kumpeleka.

Shuleni tunaomba saa moja kwa wiki isiyo na alama. Isitahiniwe, isiandikwe kwenye ripoti, isigeuzwe kipindi cha hesabu mtihani ukikaribia. Zahanati ya kata itenge alasiri moja ya vijana, muuguzi asiyepaza sauti foleni nzima isikie, na mvulana aliyekuja kuuliza habari za ndoto nyevu asichekwe. Tangu Novemba 2021 binti aliyepata mimba ameruhusiwa kurudi darasani. Tunataka akirudi akute somo anamsubiri getini, asikute minong'ono. Na misikiti, makanisa, timu za mpira, mafundi wenye vijana gereji na saluni, tunawahitaji wote, kwa kuwa si kila kijana yuko shule. Aliye gereji saa hizi akipaka grisi ana matumbo joto yake.

Nyumbani tunaomba kitu kimoja tu. Mtoto akirudi, "umepata ngapi?" lingoje. Akinyamaza, mzazi naye akae kimya karibu yake, wachambue mchele pamoja. Dereva wetu amejaribu. Siku mbili za kwanza binti yake mkubwa hakusema kitu. Ya tatu aliuliza kama na yeye alipokuwa na miaka 16 aliwahi kuogopa. Baba alizima redio.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, tutakaa chini ya mkungu ule ule. Mama wa kwaya atapika mihogo na chai ya tangawizi. Tunatafuta kina somo 46 kwa kuanzia, wanawake kwa wanaume, mmoja kwa kila karatasi. Wazazi waje na kalamu.